Njia Ambayo Sikuitia Wino

Siku ya kwanza studioni nilifika nikiwa nimebeba sanduku langu la kazi: rula tatu, kampasi, kalamu za wino za ncha tano tofauti, na wembe wa kukwangua makosa. Nilikuwa na miaka sitini na mbili. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kuchora ramani za mashamba, na sasa nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sanaa katika tawi la chuo kikuu hapa Kitengela. Kijana wangu Kioko ndiye alinijazia fomu kwa simu yake. Nilimwambia nataka kitu chepesi cha kupitisha uzee, na kwa kuwa kuchora nilikuwa nakujua, niliona nitapumzika.

Katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja cha mbao kilichovunjika mgongo. Sisi wanafunzi kumi na wanane tulikizunguka, kila mtu na kiunzi chake cha kuegemeza karatasi. Wenzangu wote walikuwa wa umri wa wajukuu wangu wakubwa. Mhadhiri wa Uchoraji, kijana mrefu aliyevaa raba zilizojaa rangi, alitugawia vijiti vya mkaa na kusema, "Msichore kiti. Choreni hewa iliyo katikati ya miguu yake."

Niliinua mkono. "Mwalimu, hewa iko na mpaka gani?"

Vijana walicheka. Yeye hakucheka. "Hilo ni swali zuri, Mama. Weka rula kwa mfuko, halafu ulijibu."

Nikaweka rula kwa mfuko. Nilisimama mbele ya hewa hiyo mpaka saa saba mchana, na sikujibu kitu. Karatasi yangu ilikuwa na mistari minne minyoofu na alama za vidole vyangu vyeusi. Wenzangu walikuwa wamejaza zao mavumbi na giza, na mhadhiri alikuwa akipita akitikisa kichwa kwa furaha. Sikuelewa anafurahia nini.

Ni lazima nieleze nilikotoka, ili vijana wanaosoma haya wajue kwa nini nilichanganyikiwa. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kampuni ndogo ya upimaji pale Kajiado mjini. Siku zile kompyuta hazijafika, mpimaji alienda uwanjani na mnyororo na darubini yake, akarudi na kitabu cha vipimo. Karani wa hesabu alipiga hesabu, akachora rasimu kwa penseli. Halafu rasimu ilikuja mezani kwangu. Nilitandika juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, nikaifuata kwa wino, mstari kwa mstari, namba kwa namba. Jiwe la mpaka, ambalo watu huku huliita bikoni, lilikuwa kaduara kadogo kuliko punje ya mtama. Nikikosea, nilikwangua kwa wembe polepole mpaka wino utoke bila karatasi kutoboka.

Bosi wangu, Mpimaji Mkuu, alikuwa mzee wa Murang'a asiyepandisha sauti. Wiki yangu ya kwanza alisimama nyuma yangu akaniambia, "Mama Kioko, mstari wako ukiteleza upana wa unywele, huko chini kuna mtu amelala kwa shamba la jirani." Maneno hayo nilitembea nayo miaka yote. Kwangu mimi mstari ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa sawa au ulikuwa makosa.

Sasa huku studioni niliambiwa nichore mchoro wa haraka: mtu anasimama nusu dakika, unamchora, anabadilisha, unamchora tena. Niliambiwa nichore mchoro wa upofu, yaani unakitazama kile unachochora bila kuangalia karatasi hata mara moja. Nilikalishwa mkabala na msichana anayeitwa Naserian, mtoto wa Ewuaso Kedong, mpole, mwenye kuchekea mkononi. Nilimchora jicho likatua kidevuni. Niliona aibu, nikaanza kutafuta wembe. Kabla sijaupata, mhadhiri alichukua karatasi yangu akaibandika ukutani.

"Huu uko hai," alisema.

Wiki iliyofuata nilichora kikombe. Nilikichora kwa saa nne, na kama ungekuwa na kiu ungenyoosha mkono ukichukue. Mhadhiri alisimama mbele yake, akasema, "Hiki kimekufa, Mama."

Nilifika nyumbani nikampata mume wangu akiwapa kuku chakula. Nikamweleza yote mawili, mchoro wa jicho kidevuni na kikombe.

"Amesema kimekufa?" Baba Kioko aliuliza. "Kwani ni kikombe ama ni mgonjwa?"

"Hata mimi sijui."

"Na unaamka saa kumi na moja kwenda kuambiwa hivyo."

Kesho yake niliamka tena saa kumi na moja.

Kila Ijumaa tulikuwa na kile vijana walikiita kriti. Kazi zote zinabandikwa ukutani, na kila mtu anasema anachoona katika kazi ya mwenzake, si kama ni nzuri au mbaya, ila anachoona. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea mpaka wote wamalize. Nilisikia watoto wakisema kwamba michoro yangu inaogopa. Mmoja, akiniita shosho kama nyanya yake, alisema, "Shosho, hii ni kama imevaa uniform." Nilisimama na mikono nyuma, mtu mzima, nikangoja zamu yangu, na ilipofika nikasema, "Asanteni." Nilichoshukuru sikukijua.

Nusu ya pili ya muhula tulihamishiwa studio ya udongo, chini ya Fundi Mkuu, Mkamba mwenzangu kutoka Mwala. Huyo peke yake ndiye nilimwelewa. "Kanda," alisema, nasi tukakanda udongo kama unga wa chapati ili hewa itoke, kwa maana hewa ikibaki ndani chombo hupasuka kwenye tanuri. Huko kulikuwa na makosa yanayojulikana. Nililala vizuri wiki hizo sita. Nilipata alama nzuri, nikarudi uchoraji muhula wa pili nikidhani akili imenikaa.

Mhadhiri alitupa kazi moja ya muhula mzima: kila mtu achore mahali anapopajua, bila kupaangalia. Aanze na kumbukumbu, halafu kazi impeleke inakotaka kumpeleka.

Mahali ninapopajua. Nilifikiria Mwala nilikozaliwa, nikaona mti wa mwembe tu na nyumba isiyokuwa na paa. Nikafikiria Kitengela, ikawa inabadilika kila nikifumba macho. Lakini mkono wangu ulikuwa unajua kitu. Nilichukua penseli, na kwa siku mbili nilichora karatasi ya ramani ya upande wa Ewuaso Kedong, ile tuliyoitengeneza wakati ranchi ya kundi ilipogawanywa na kila familia ikapewa kipande chake. Ploti baada ya ploti, bikoni baada ya bikoni, na namba zake. Nilishangaa mwenyewe. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini, na mkono haukusita.

Siku ya kriti vijana walikusanyika wakipiga picha. Naserian alikuja karibu sana na ukuta, akaweka kidole.

"Hapa ni kwetu," alisema.

"Namba mia moja na nne?"

"Sijui namba. Lakini hii ni laga, ule mto mkavu, na hii ni barabara. Hapa ni kwa koko wangu." Kidole chake kikasogea. "Na hii ya madoadoa ni nini?"

Niliangalia. Mkono wangu ulikuwa umechora mstari wa nukta, kutoka ploti ya nyanya yake, ukikata ploti ya pili, mpaka kwenye chemchemi. Sikukumbuka kuuchora.

"Ni njia ya ng'ombe na ya maji," nilisema.

"Ulijuaje kuna njia?"

"Ilikuwa kwa rasimu."

"Rasimu ni nini, shosho?"

"Ni mchoro wa kwanza. Wa penseli."

"Na kwa ule wa pili?"

Watoto wote walikuwa wananingoja nijibu. Kwa ule wa pili haikuwako. Nilikumbuka mchana ule pale Kajiado kama wa jana. Nilikuwa nimechukua rasimu nikaenda mezani kwa Mpimaji Mkuu, nikamwonyesha nukta zile, na maneno madogo ya karani kando yake. Aliniuliza, "Iko kwa kitabu cha vipimo?" Nikasema haiko. Akasema, "Basi haiko. Sisi tunachora kilichopimwa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananifundisha kazi kama alivyofundishwa. Nikarudi mezani, nikatia wino kilichopimwa, nikaacha nukta. Mchoro ulitoka safi, na akanisifu mbele ya wenzangu.

"Kwa ule wa pili sikuitia wino," nilimwambia Naserian.

Alirudi kwenye kiunzi chake akaanza kukusanya vitu vyake, ingawa kipindi kilikuwa bado.

Sikuenda chuoni wiki nzima. Nilimwambia Baba Kioko ni magoti. Nilikaa jikoni nikichambua maharagwe, nikijaribu kuelewa kosa langu lilikuwa la aina gani. Nilifuata amri. Mstari haukuteleza hata unywele. Kulingana na yote niliyofundishwa, nilifanya sawa, na bado kulikuwa na kidole cha msichana kwenye karatasi yangu. Kama ningeambiwa nimekosea kipimo ningejua la kufanya. Hili sikulijua.

Jumamosi simu ililia. "Shosho, ni Naserian. Nimemwambia koko. Anasema uje."

"Amekasirika?"

"Sijui. Amesema tu uje."

Nilipitia Kiserian na Ngong, nikashuka kwenda Kimuka, halafu mbele. Miaka thelathini na moja nilikuwa nimechora nchi ile bila kuikanyaga. Sikujua kwamba upepo wake huwa na mchanga, wala kwamba ploti mia moja na nne imekaa kwenye mawe matupu. Kwenye karatasi mawe hayaonekani.

Nyanya yake Naserian alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mabati, mwembamba, miguu ameinyoosha mbele. Nilikuwa nimefundishwa salamu njiani. "Takwenya," nilisema.

"Iko," alijibu, akaniangalia mikono badala ya uso. Halafu akasimama, akachukua fimbo, akaanza kutembea.

"Anaenda wapi?" niliuliza.

"Kwa maji," Naserian alisema. "Anataka utembee."

Nilikuwa nimekuja na bunda la karatasi, ile nyembamba ambayo hutumika kuchapia magazeti, na Naserian alibeba ubao. Nilitoa mkaa. Sikupanga. Kila nyanya aliposimama kupumua, nilifungua kipande cha karatasi nikachora kilichokuwa mbele yangu, upesi, kabla hajaanza tena: mgunga, jiwe ambapo wanawake huegemeza mitungi, alama za kwato. Tulifika kwenye seng'enge. Nyuma yake, chini kidogo, niliona majani mabichi ya chemchemi. Ni karibu, ungetupa jiwe lifike. Nyanya aligusa waya kwa fimbo, akageuka kushoto.

Tulizunguka. Tulifuata ua ule mpaka barabarani, tukashuka hadi darajani, tukarudi kwa laga. Jua lilikuwa la saa sita. Nilikuwa ninachora bila kuangalia karatasi kwa sababu nilikuwa ninaangalia pa kukanyaga. Karatasi ikawa ndefu, mita nne na zaidi, imejaa jasho na vumbi.

Mahali fulani kwenye laga yule mama alisimama akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, "Wewe ulichora. Sisi tukazunguka."

"Nisamehe, mama," nilisema.

Alisema maneno mengi kwa Kimaa. Nilimgeukia Naserian.

"Amesema twende," Naserian alisema. "Maji bado ni mbali."

Mpaka leo sijui kama hayo tu ndiyo aliyosema. Tulipofika alininywesha maji kwa mkono wake, na tuliporudi alinipa chai. Msamaha sikuupata wala sikunyimwa.

Jumatatu nilitandaza mchoro sakafuni studioni. Mhadhiri alitembea kando yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi.

"Ni nzuri?" niliuliza.

"Usiiguse tena."

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni usiiguse, Mama." Akaupulizia mchoro dawa ya kushika mkaa usifutike, ambayo kusema kweli ni ile spray ya nywele ya saluni, lakini kopo liliisha kabla ya kufika nusu.

Mwisho wa mwaka kuna tathmini. Jopo la watu watatu hupita ukutani, na kazi ya muhula ndiyo inayoamua kama unapanda mwaka wa pili. Kanuni ni moja: kazi halisi iwe mbele yao. Yangu ilipangwa Alhamisi. Jumanne Naserian alinikuta kwa ngazi.

"Shosho, koko anaomba ile karatasi. Chifu ameita mkutano na yule jirani, mwenye seng'enge. Ni Alhamisi."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Mkutano hauwezi kungoja. Mjomba anaweza kuja kuichukua kesho."

"Naserian, ule mchoro hauna kipimo. Hauna kaskazini. Chifu ataucheka."

"Nilimwambia hivyo. Anasema jirani hajawahi kuona kwenye tunapita. Anataka aone."

Nilienda kwa mhadhiri nikamweleza. Alisugua uso kwa mikono yenye rangi. "Siwezi kubadilisha siku ya jopo. Ukuta ukiwa mtupu hawana cha kupima. Uamuzi ni wako."

Ningependa kuwaambia kwamba niliamua kwa ujasiri. Sikuamua hivyo. Nilitembea mpaka lango la chuo, nikarudi, nikatembea tena. Niliifikiria ada ambayo watoto wangu walichanga, na Baba Kioko ambaye alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba bibi yake yuko chuo kikuu. Jumatano mchana mjomba alikuja na pikipiki. Niliikunja ile karatasi, nikaifunga na kamba ya gunia, nikampa. Aliponyanyua mguu kuwasha, nusura nimwite arudi.

Alhamisi nilisimama mbele ya ukuta wenye pini nne. Mkuu wa Idara, mama wa heshima mwenye miwani kifuani, aliangalia ukuta, kisha akaniangalia.

"Kazi iko wapi, Mama?"

"Iko Ewuaso Kedong. Kwa mkutano."

"Mkutano gani?"

Nilieleza, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Nikampa simu aone picha. Aliipanua kwa vidole. "Naona mstari wa kijivu tu," alisema, na ilikuwa kweli. Mita nne haziingii kwa simu. Mtahini wa nje, mzee kutoka chuo kingine, aliniuliza kazi inahusu nini. Nilisema inahusu kuzunguka. Aliandika kitu. Mhadhiri wangu alijaribu kusema kwamba aliiona, na Mkuu wa Idara akamwambia kwa upole, "Mwalimu, siwezi kupima ukuta kwa macho yako."

Nilianguka somo la uchoraji. Naserian alipita.

Ya mkutano nilisimuliwa na yeye, kama alivyoambiwa na koko. Chifu alisema karatasi ile si hati, na mwenye hati ni mwenye hati. Hilo hata mimi ningemwambia. Lakini yule jirani, mfanyabiashara wa kutoka Kiambu aliyenunua ile ploti ya pili kwa mtu mwingine, alichuchumaa akaifuata njia kwa kidole, kutoka nyumbani kwa nyanya mpaka darajani na kurudi, na kidole chake kikawa cheusi. Akauliza, "Hii yote ni kila siku?" Alisema siku zote alidhani wana maji yao. Sasa kuna mlango mdogo kwenye seng'enge. Anaufungua asubuhi, wanawake na punda wanapita. Ng'ombe bado wanazunguka.

Kabla chuo hakijafungwa, mhadhiri aliniita ofisini. Alitaka kujua kama nitarudia somo ama nitaacha.

"Ulijua utaanguka," alisema.

"Nilijua."

"Basi kwa nini uliitoa?"

Nilifikiria. "Mwalimu, miaka thelathini na moja, hakuna mtu aliwahi kuja kuniomba mchoro. Walikuwa wanaletewa."

Alitingisha kichwa, lakini sidhani alinielewa zaidi ya nilivyojielewa. Nikamuuliza sasa aniambie, kwa vile tathmini imekwisha, ule mchoro ulikuwa mzuri? Akasema angependa kuuona tena kabla ya kujibu.

Kwa nyinyi vijana mnaoanza kazi, ya kupima au ya kuchora au yoyote ile, sina fundisho lililonyooka. Kazi yangu ya kwanza niliifahamu vizuri sana na sikujua ilikuwa ikifanya nini. Hii ya pili siifahamu kabisa, na tayari imenipeleka mahali. Baba Kioko ananiuliza kustaafu kwangu kutaanza lini. Namwambia nimejiandikisha kurudia, kila Jumatatu na Jumatano, na naona watoto wa darasa jipya wananiamkia wakidhani ni mimi mhadhiri.

Naserian alikuja kunisalimia juzi. Nilimwuliza habari za karatasi yangu, maana nilitaka kumwonyesha mwalimu. Alichekea mkononi. Alisema koko aliikunja akaiweka chini ya godoro, mkaa umefutika karibu wote, na hakuna mtu ameshughulika, kwa sababu wanawake wanapita pale mlangoni kila asubuhi, na njia sasa inaonekana ardhini.

"Ungetaka nikuletee?" aliuliza.

Nilimwambia aiache.